Kuhamishia Gemu za PS2 Kwenye Kompyuta: Mwongozo kwa Wenye Vibanda wa Kyela

Mvua ya Kyela ikishika na barabara ya kwenda Ipinda ikageuka tope, vijana wengi huishia kwenye kibanda cha gemu. Benchi moja, televisheni moja, PS2 moja, pedi mbili ambazo nyaya zake zimezungushiwa tepu ya umeme. Kisha inafika siku lensi inachoka. Diski inazunguka, inakwaruza, skrini inabaki nyeusi. Mwenye kibanda anaitoa, anaifuta kwa pindo la fulana, anairudisha. Waliokwisha kulipa wanatazamana.

Kama kibanda hicho ni chako, au wewe ni kijana wa Matema au Kasumulu mwenye kompyuta na diski za zamani kabatini, mwongozo huu ni wako. Sony iliitoa PS2 nchini Japani Machi 2000, na Januari 2013 ikathibitisha kwamba haitengenezwi tena. Kwa hiyo kila PS2 unayoiona leo ni mzee, na lensi yake hairudi ujana. Gemu zenyewe zinaweza kuendelea kuishi ndani ya kompyuta, kwa programu inayoitwa emuleta.

Nimeona watu wakinunua kompyuta kwa pupa, wakaweka emuleta, gemu ikasuasua, wakahitimisha kwamba emuleta ni uongo. Si uongo. Ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, na kila tatizo lake lina mahali pake. Ukijua konsoli ilifanyaje kazi, utajua pa kushika kabla hujatoa hela mfukoni.

1. Elewa kwanza kazi unayoituma kompyuta

Fikiria ibada ambamo mhubiri mgeni anasema Kiswahili na mzee wa kanisa anatafsiri kwa Kinyakyusa. Mhubiri hasubiri. Mzee lazima asikie, aelewe na aseme, sentensi kwa sentensi, na akizubaa kidogo mahubiri yanampita. Emuleta ndiyo mzee huyo. Prosesa ya PS2 inasema lugha ya mashine iitwayo MIPS, na kompyuta yako inasema nyingine, x86. Kila amri ya gemu inatafsiriwa huku gemu yenyewe inaendelea.

Sasa, PS2 haikuwa na mhubiri mmoja. Ndani yake kulikuwa na prosesa kuu, Emotion Engine, iliyokwenda kwa kasi ya karibu MHz 295. Pamoja nayo kulikuwa na vitengo viwili vya hesabu vilivyokokotoa umbo la kila mchezaji na kila gari. Kulikuwa na chipu ya picha, Graphics Synthesizer, na chipu ya sauti yenye uwezo wa kutoa sauti 48 kwa pamoja. Na kulikuwa na prosesa ndogo, ile ile iliyokuwa moyo wa PlayStation ya kwanza, iliyosimamia pedi, diski na memori kadi. Wote hao walifanya kazi kwa wakati mmoja, wakipokezana kwa muda uliopimwa. Watengenezaji wa gemu waliujua muda huo kwa moyo, wakaandika gemu zao wakiutegemea. Kompyuta yako inapaswa kuwaiga wote, na kuhakikisha hakuna anayewahi wala kuchelewa.

Na saa haisubiri. Gemu za mfumo wa PAL, ambao ndio tuliouzoea nchini, hupeleka picha kwenye televisheni mara 50 kwa sekunde, na zile za Marekani na Japani karibu mara 60. Kompyuta ina milisekunde 20 tu, au zisizofika 17, kumaliza kazi yote ya picha moja. Ikizidisha hapo, gemu inapungua mwendo na sauti inakatika.

Ndiyo maana hesabu ya "PS2 ina MHz 295, kompyuta yangu ina GHz 3, ni mara kumi, inatosha" haifai. Mtengenezaji wa emuleta ya bsnes, aliyejulikana kwa jina la byuu, alieleza mwaka 2011 kwamba kuiga konsoli ya SNES kwa usahihi kamili kulidai kompyuta ya karibu GHz 3. SNES yenyewe ilikwenda kwa MHz 3.58. Kila hatua ya usahihi ina bei yake.

Kwa bahati njema, emuleta nzuri hazitafsiri neno kwa neno kila mara. Emuleta ya PS2 iitwayo PCSX2 hutafsiri fungu zima la amri mara moja, ikalihifadhi, na fungu hilo likirudi inatumia tafsiri iliyokwisha kuandaliwa, kama yule mzee ambaye amezoea salamu za mhubiri na hazimsumbui tena. Bila ujanja huo, hakuna kompyuta ya kawaida ingeweza kuichezesha PS2 kwa mwendo wake.

2. Nunua kasi ya kiini kimoja, usinunue jina

Muuzaji wa kompyuta za mtumba akikuambia "hii ni Core i5, inacheza kila kitu", muulize: i5 ipi? Chukua mbili za kizazi kile kile cha nne. Ya kwanza ni i5-4300U, iliyowekwa kwenye kompyuta mpakato nyingi za ofisini: viini viwili, GHz 1.9, ikijitahidi sana inafika 2.9. Ya pili ni i5-4590 ya kompyuta za mezani: viini vinne, GHz 3.3, ikijitahidi inafika 3.7. Jina la familia ni moja, lakini kwa PS2 hizo ni mashine mbili tofauti kabisa. Herufi U mwishoni ni alama ya prosesa iliyobanwa ili ile umeme kidogo. Kwa kazi hii iogope, hasa ikiwa ya miaka ya zamani.

Wengine watakushauri utafute viini vingi, sita au vinane. Mahubiri ya mtu mmoja hayawezi kugawiwa wakalimani wanane, kwa sababu kila sentensi inategemea iliyotangulia. PCSX2 hutegemea zaidi viini viwili au vitatu: kimoja kwa prosesa kuu, kingine kwa kupanga picha, na cha tatu ukiruhusu kitengo cha pili cha hesabu kipewe kiini chake. Viini vinne vya kasi vinakutosha. Vinane vya polepole vitakaa bila kazi huku kimoja kikihema.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya:

- Windows 10 ya biti 64 au mpya zaidi. PCSX2 za sasa hazifanyi kazi kwenye Windows 7. Kama unaijua Linux, nayo inafaa.
- Prosesa yenye amri za SSE4.1 kwa uchache, na AVX2 kwa usalama zaidi. Kwa Intel, za familia ya Core i3, i5 na i7 zina AVX2 kuanzia kizazi cha nne, kilichotoka 2013.
- RAM ya GB 8.
- Nafasi ya diski. DVD moja ya PS2 inaweza kufika GB 4.7, na zipo gemu zilizozidi hapo.

Kama kompyuta uliyonayo haifikii viwango hivyo, usiitupe. Anza na PlayStation ya kwanza kwa emuleta ya DuckStation, au gemu za PSP kwa PPSSPP. Skrini ya PSP ilikuwa na pikseli 480 kwa 272 tu, na PPSSPP haihitaji hata faili la bayosi, yaani programu ya msingi inayoiwasha konsoli. Kompyuta mpakato dhaifu isiyoweza PS2 huzichezesha nyingi kati ya hizo vizuri. PS3 iache kwa sasa. Prosesa yake ya Cell ilikuwa na kiini kikuu kimoja na viini saidizi sita vilivyotumiwa na gemu, vyote kwa GHz 3.2, na kuiga hiyo kunadai kompyuta mpya ya gharama.

3. Usidharau njia ya kumbukumbu

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Chipu ya picha ya PS2 ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, MB 4, lakini kumbukumbu hiyo ilikuwa ndani ya chipu yenyewe, na njia zake kwa jumla zilipitisha hadi GB 48 kwa sekunde. Watengenezaji wa gemu waliutumia mwanya huo wote. Walipaka tabaka juu ya tabaka: vumbi, moshi, mvua, mwanga wa taa za gari usiku.

Tazama sasa kompyuta ya ofisini isiyo na kadi ya grafiki. Picha zake zinatumia RAM ya kawaida. Kijiti kimoja cha DDR3 ya 1600 kinapitisha GB 12.8 kwa sekunde, na viwili vikipangwa kwa jozi vinapitisha GB 25.6. Vifaa hivi havilingani moja kwa moja, kwa kuwa grafiki za kisasa zina hila zake za kupunguza safari za kumbukumbu, lakini somo linabaki: GB 8 za kijiti kimoja na GB 8 za vijiti viwili vya 4 hazifanani. Kama kompyuta yako inategemea grafiki ya ndani, kuongeza kijiti cha pili mara nyingi ndiyo nyongeza ya bei nafuu kuliko zote, na utaiona kwa macho.

Ukitaka kuongeza kadi ya grafiki kwenye kompyuta ya mezani, chunguza aina ya kumbukumbu yake. GT 1030 ziko mbili kwa jina moja. Yenye GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, na yenye DDR4 inapitisha karibu 17 tu. Kasha linafanana, bei inakaribiana, kazi inatofautiana kama mtumbwi wa kasia na boti ya injini. Soma kibandiko nyuma ya kadi kabla hujaondoka dukani. Pima pia kimo cha kasha la kompyuta, maana kompyuta nyembamba za ofisini hukubali kadi fupi tu.

4. Toa gemu na bayosi kwenye mali yako

Emuleta yenyewe haina kosa. Februari 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, iliamua kwamba Connectix haikuvunja hakimiliki kwa kuichunguza bayosi ya PlayStation ili itengeneze emuleta yake. Lakini bayosi na gemu ni mali ya wenyewe, na hapa nchini programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa hiyo chukua bayosi kwenye PS2 yako mwenyewe, na gemu kwenye diski ulizonunua. Kama utatoza watu kwa kucheza, ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kuhusu leseni kabla hujafungua mlango.

Njia hiyo ina faida ya kiufundi pia. Faili ulilolitoa mwenyewe unajua lilikotoka. Mafaili ya kuokota mitandaoni huja yamekatwa, yamebadilishwa, au yamebeba virusi, na bando lako linaisha kwa kupakua takataka.

DVD za PS2 husomwa na kisomaji cha kawaida cha DVD cha kompyuta. Tumia programu ya bure kama ImgBurn, uifuate diski hadi mwisho bila kosa, upate faili la ISO. Kwa diski za CD, hasa za PlayStation ya kwanza, usitumie ISO. Nyingi zilikuwa na muziki uliowekwa kama nyimbo za CD ya kawaida, na ISO huuacha. Hifadhi kama jozi ya mafaili ya BIN na CUE. Mtu akikulalamikia kwamba gemu yake ya PlayStation inacheza ila muziki haupo, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Baada ya hapo unaweza kuyabana mafaili kuwa aina ya CHD kwa programu ndogo iitwayo chdman. Hakuna kinachopotea, na nafasi unapata. Wala usihangaike kununua SSD kwa ajili ya kasi ya gemu. PS2 ilisoma DVD kwa takribani MB 5 kwa sekunde, na diski kuu ya zamani kabisa inapita hapo mara nyingi. SSD itaiwasha Windows haraka, lakini haitaongeza fremu hata moja.

5. Washa bila kugusa kitu

Hili ni gumu kwa mafundi vijana, kwa hiyo nalisisitiza. Weka PCSX2 kutoka tovuti yake rasmi, ielekeze kwenye bayosi na folda ya gemu, kisha cheza. Usibadilishe mpangilio wowote. Ndani ya programu mna orodha ya gemu na marekebisho yanayozihusu, yaliyokusanywa na watu kwa miaka mingi, na hujiweka yenyewe kwa kusoma namba ya diski. Ukinakili mipangilio ya video uliyoiona kwenye simu, iliyotengenezwa kwa kompyuta nyingine na toleo la zamani, unaharibu kazi hiyo.

Jambo moja tu la kuchagua mwanzoni ni njia ya kuchora picha. Kwa grafiki za Intel za kizazi cha nne kwenye Windows, chagua Direct3D 11. Vulkan haina driva ya kutegemewa hapo, na OpenGL huwa nzito. Kwa kadi za NVIDIA na AMD za miaka ya karibuni, jaribu Vulkan pia, ulinganishe.

6. Soma dalili kabla ya kutibu

Washa takwimu za kwenye skrini. Utaona kasi ya gemu kwa asilimia, na mzigo wa EE, GS na VU. EE ni prosesa kuu, GS ni picha, VU ni kitengo cha hesabu. Namba hizo ndizo kipimajoto chako.

*Gemu yote ni polepole na sauti inakatakata.* Kasi iko chini ya asilimia 100. Teremsha ubora wa ndani wa picha, palipoandikwa "Internal Resolution", uwe ule wa asili wa PS2. Kasi ikirudi, mzigo ulikuwa kwenye kadi ya grafiki. Kumbuka kwamba ukiuzidisha ubora mara 3 kwa upana na mara 3 kwa kimo, pikseli za kuchora zinakuwa mara 9. Kasi isiporudi, mzigo uko kwenye prosesa, na utaona EE ikikaribia 100. Hapo hakuna kadi ya grafiki duniani itakayokusaidia. Watu wengi wamepoteza fedha kwa kuruka kipimo hiki cha dakika mbili.

*Inakwama kidogo kila kitu kipya kinapotokea, kisha inalainika.* Kompyuta inaandaa programu ndogo za kuchorea kwa mara ya kwanza. Cheza raundi moja kabla ya wateja kufika. Ya pili itakuwa nyepesi.

*Mistari myembamba kwenye maandishi, kivuli kilichohama, picha kama pacha wawili waliopishana.* Rudisha ubora wa asili. Ukiona vimetoweka, chanzo ni kukuza picha. Gemu ilihesabu vivuli na ukungu wake kwa kujua kabisa pikseli ziko ngapi, na ulipoziongeza hesabu ikahama kwa nusu pikseli. Yapo marekebisho kwa kila gemu, lakini kama hujui, picha ya asili iliyo sahihi ni bora kuliko kubwa yenye makovu.

*Gari la mpinzani linagonga ukuta lenyewe, mchezaji anazama ardhini.* Hili ndilo tatizo la kina kuliko yote, na ndilo linalonifanya niwaheshimu waandishi wa emuleta. Kompyuta yako inafanya hesabu za desimali kwa kanuni ya kimataifa ambayo inajua kitu kinachoitwa namba isiyo na mwisho, na kitu kisichokuwa namba. PS2 haikuvijua. Hesabu ikizidi, ilibaki kwenye namba kubwa kuliko zote iliyonayo na kuendelea, na ilipokata desimali ilikata kuelekea sifuri. Tofauti hiyo ni ndogo kama punje ya mchele. Lakini ikirudiwa mara maelfu katika hesabu ya mahali gari lilipo, gari linatoka barabarani. Emuleta inaweza kubana namba hizo zifanane na za PS2, ila kila kubana kunakula kasi. Kwa hiyo rudisha mipangilio ya mwanzo, sasisha emuleta, uache orodha ya marekebisho ifanye kazi yake.

*Inaganda mahali pale pale kila mara.* Shuku nakala yako ya diski kwanza. Isafishe diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, uinakili upya, na kama unaweza tumia kisomaji kingine.

*Namba inaonyesha 100 lakini mchezo unaruka ruka.* Pengine kuna mtu amewasha hila za kuipunguzia kazi prosesa inayoigwa. Namba inapendeza huku picha zinaachwa. Zizime, uone ukweli, halafu uamue.

7. Pedi

Pedi ya PS2, DualShock 2, ilihisi nguvu ya kidole. Kitufe cha X hakikuwa tu kimebonyezwa au hakijabonyezwa: katika Gran Turismo 4 kukibonyeza kidogo ni kukanyaga mafuta kidogo. Pedi nyingi za bei ya chini za USB hazina hisia hiyo, kwa hiyo gari linatoka mbio au halitoki kabisa. Suluhisho ni pedi yenye vibonyezo vya nyuma vinavyoingia polepole, kama ya Xbox, kisha uhamishie mafuta na breki huko.

Ukichomeka pedi mbili za aina moja, ipe kila moja lango lake wakati zote mbili zimechomekwa, kisha ziwekee alama, moja utepe mwekundu na nyingine wa bluu, na kila moja ibaki kwenye tundu lake la USB. Televisheni ya kisasa ikionyesha mpira unaochelewa baada ya kubonyeza, tafuta ndani yake hali ya gemu uiwashe. Mara nyingi ucheleweshaji huo ni wa televisheni inayopamba picha, na emuleta haina hatia.

8. Joto, pumba na umeme

Kijana mmoja alishuka kutoka Tukuyu na kompyuta mpakato yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ina nini?"

"Nyumbani ilikuwa inacheza vizuri. Hapa Kyela dakika kumi tu, inachoka."

Haikuwa imeharibika. Tukuyu iko juu milimani, kuna baridi. Kyela iko bondeni kando ya ziwa, joto na unyevu havikupi nafasi. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue, na emuleta ndiyo kazi inayoiweka kwenye moto kwa saa nzima bila kupumzika. Tuliifungua. Kwenye feni mlikuwa na pamba ya vumbi nzito kama kipande cha blanketi. Tukaisafisha, tukapaka pesti mpya kati ya prosesa na kipoozeo, tukaiinua kwa vipande viwili vya mbao ili ivute hewa chini. Ikacheza hadi jioni.

Gemu ikianza vizuri na kuchoka baada ya robo saa, tatizo ni joto, utalijua hata kabla hujaifungua kompyuta. Kibanda kikiwa karibu na mashine ya kukoboa mpunga, pumba itaingia kwenye feni kila siku, kwa hiyo safisha kila mwezi. Ukiwa ufukweni, zile nguzo za wadudu wa ziwani wanaoonekana kwa mbali kama moshi zikifika nchi kavu, funga madirisha na uzime mashine. Miili yao midogo hunasa kwenye kipoozeo.

Mashine hiyo ya kukoboa ina jingine. Mota yake ikiwashwa, umeme wa mtaa unaweza kushuka kwa sekunde moja, na kompyuta ikajizima. Nunua UPS, hata ndogo. Kompyuta mpakato ichezeshe ikiwa imechomekwa kwenye chaji, kwa sababu ikitumia betri nyingi hujipunguzia kasi, na chagua mpango wa umeme wa nguvu kamili. Fuatilia LUKU yako wiki ya kwanza: kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki inakula kuliko PS2, na bei ya kucheza ipange ukilijua hilo.

9. Okoa memori kadi kabla ya yote

Nimeliweka mwisho ili ulikumbuke, lakini lifanye kwanza, wakati PS2 bado inawaka. Memori kadi ya PS2 ni MB 8 tu, na ndani yake mna ligi zilizochezwa miaka mitano na gari zilizonunuliwa kwa mashindano mia. Diski unaweza kuipata nyingine. Hiyo haipo kwingine kokote.

Ukiwa na memori kadi iliyowekwa programu ya Free McBoot, PS2 nyingi huweza kuwasha programu ya uLaunchELF. Baadhi ya slim za mwisho, zenye namba ya SCPH-90000 na kuendelea, hazikubali. Chomeka flashi ya FAT32, nakili kila hifadhi kama faili la PSU, uwe mvumilivu maana USB ya PS2 ni ya mwendo wa zamani. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya mymc huyaingiza mafaili hayo kwenye memori kadi ya PCSX2.

Tangu hapo, wafundishe wachezaji kuhifadhi ndani ya gemu, kwenye memori kadi, wasitegemee hifadhi ya papo hapo ya emuleta. Hiyo hupiga picha ya emuleta yenyewe ilivyo wakati huo, na ukisasisha programu mara nyingi haifunguki tena. Nakili faili la memori kadi kwenye flashi kila Jumapili. Mpe kila mteja wa kudumu faili lake, uliandike jina lake. Kijana akirudi likizo kutoka Mbeya au Dar es Salaam, akaketi kwenye benchi lile lile na kukuta timu yake ikimsubiri na matokeo yake yote, hataona prosesa wala kadi ya grafiki. Ataishika pedi, aendelee alipoishia.